Mji wa Meru: Chimbuko Lake na Tabia Yake

Msomaji, ukitaka kuujua mji usianzie mjini. Anzia mahali pale ambapo chakula cha mji hutoka, maana mtoto hutambulikana kwa mama yake. Kwa sababu hiyo nakualika usimame nami kwanza Kanyakine, katika Imenti ya Kusini, saa kumi na moja ya alfajiri. Umande ungali mzito juu ya migomba. Mlima Kenya, ambao wazee wetu huuita Kirimara, haujaonekana bado kwa wingu, lakini baridi yake yatufikia. Kando ya barabara wanawake wamekwisha kupanga mikungu ya ndizi, na vijana waipakia garini huku wakihesabu kwa sauti. Gari likijaa litaelekea Nkubu, litavuka mito iteremkayo kutoka mlimani, na kati ya Nkubu na Meru litavuka mstari wa ikweta, abiria wengine wakiwa wamelala usingizi wasijue kuwa wamehama kutoka nusu moja ya dunia hadi nyingine. Kisha litafika Meru, na mji utakuwa umeamka.

Njia hiyo nimeisafiri tangu utotoni. Nilizaliwa upande huu wa migomba na kahawa, na sasa nafanya kazi katika chuo cha ualimu, nikiwafundisha vijana ambao kesho watakufundisha wewe au ndugu zako. Kila muhula huwauliza wanafunzi wangu swali moja: "Mji huu ulianzaje?" Wengi hunyamaza. Wajua miji ya Ulaya ilivyoanza, na Mombasa, na Lamu, lakini mji ambao hununulia viatu vyao hawaujui. Insha hii nimeiandika kwa ajili ya ukimya huo.

Yakupasa ufahamu kwanza kwamba zamani mahali hapa hapakuwa na mji. Walikuwako watu, tena wengi, lakini waliishi kwa kutawanyika juu ya migongo ya vilima, kila ukoo na mgongo wake, mto huku na mto kule. Walikuwa Waimenti, Watigania, Waigembe, Waigoji, Wamwimbi, Wamuthambi, Wachuka na Watharaka. Na wote pamoja ndio waitwao leo Wameru. Wazee husimulia kwamba mababu zao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, karibu na maji makubwa, ambako walionewa na watu waliojulikana kwa jina la Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Husimulia kwamba kiongozi wao, Koomenjwe, aliwatoa utumwani kwa siri, wakavuka yale maji. Wengine wakivuka usiku, wengine alfajiri, na wengine jua limekwisha kutoka. Na kwamba kutokana na nyakati hizo tatu zilitoka koo za weusi, za wekundu na za weupe. Wanahistoria wamejadiliana sana juu ya mahali Mbwaa ilipokuwa, na wengi wameitafuta katika visiwa vya pwani ya kaskazini, hasa upande wa Manda. Hata hivyo, jambo moja ni wazi katika hadithi hiyo: watu hawa hujifikiri kuwa ni watu waliosafiri. Likumbuke, maana tutalirudia.

Watu hao hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, na baraza kuu liliitwa Njuri Ncheke, ambalo kitovu chake ni Nchiru, katika Tigania. Vijana walilala pamoja katika nyumba kubwa iitwayo gaaru, wakijifunza ulinzi na adabu. Masoko yalikuwapo, lakini soko la zamani lilikuwa uwanja tu: watu walikuja asubuhi na mbuzi, nafaka, vyungu na tumbaku, na jioni uwanja ulibaki kwa ndege. Hapakuwa na mtu aliyelala sokoni. Hiyo ndiyo tofauti kati ya soko na mji, na tofauti hiyo iliondolewa na mtu mmoja mgeni.

Mwaka wa 1906 jeshi la Waingereza lilikuwa limekwisha kupigana na watu wa Embu na kuwashinda. Mwaka wa 1908 afisa mmoja kijana, jina lake Edward Butler Horne, alikuja kaskazini akiwa na askari, akapanda hadi Imenti. Habari za Embu zilikuwa zimemtangulia. Wazee walipima nguvu zao na nguvu za bunduki, wakaona ni afadhali kuzungumza. Horne alitembea sana katika nchi hii, kilima kwa kilima, na watu wakampa jina la Kangangi, ambalo hufasiriwa kuwa mtu mdogo atangatangaye. Alipiga kambi kando ya msitu wa Imenti, juu ya bonde la mto Kathita, na kambi hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu ya mji.

Angalia basi mahali palipochaguliwa. Nyuma kuna msitu mnene, wenye kuni na mbao. Chini kuna mto usiokauka. Upande mmoja kuna nchi yenye watu wengi na chakula kingi, na upande mwingine njia ya kuelekea nyanda kavu za Isiolo na wafugaji wake. Mtu wa serikali hakuhitaji zaidi. Hata leo, ukiondoa maghorofa yote kwa mawazo, utaona kwamba mji ungali unakaa juu ya mambo hayo manne: msitu, mto, shamba na njia. Jengo la mawe lililo kongwe kuliko yote mjini, ambalo zamani lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, limekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka wa 1974. Ukipata nafasi, ingia uliguse. Mawe yake yaliwekwa wakati ambapo karibu kila nyumba nyingine iliyokuwako ilikuwa ya miti na nyasi.

Baada ya ofisi ilikuja kodi, na kodi ilidai fedha. Mkulima aliyekuwa na mbuzi na mtama mwingi lakini hana rupia hata moja alilazimika kuuza mbuzi au kuuza nguvu za mikono yake katika mashamba ya walowezi. Hivyo watu walianza kwenda kambini, kwanza kwa hofu, kisha kwa shughuli. Wahindi walifungua maduka wakauza chumvi, sukari na nguo. Waislamu waliofuatana na misafara na serikali, wengine kutoka pwani na wengine wa asili ya Kinubi, walijenga makao yao. Na mitaa ya Mjini na Majengo yakumbusha habari zao hata leo. Kwa njia hiyo Kiswahili kiliingia katika nchi ya Wameru kama lugha ya duka, ya polisi na ya msikiti, kabla ya kuwa lugha ya shule.

Wamisionari hawakukawia. Mwaka wa 1911 walifika Wakatoliki wa shirika la Consolata kutoka Italia. Mwaka wa 1912 Wamethodisti wakaanza kazi Kaaga, karibu sana na kambi ya serikali. Na mwaka wa 1922 daktari Archibald Irvine akaanzisha misheni ya Wapresbiteri Chogoria, kusini zaidi. Juu ya Kaaga wazee hueleza jambo la kuchekesha. Husema kwamba mahali pale palikuwa pa waganga, penye nguvu za kuogofya, na kwamba mgeni alipewa makusudi ili nguvu hizo zimfukuze. Mgeni hakufukuzika. Alijenga shule, na watoto wa wale waliompa ardhi hiyo walikuja kukaa juu ya viti vyake. Toka hapo Kaaga ilikuwa kitovu cha elimu, na mji wa Meru ukapata sura yake ya pili. Kwanza ulikuwa mji wa kodi. Sasa ulikuwa pia mji wa kitabu.

Usilidharau jambo hili, msomaji. Mwezi wa Machi, mwaka wa 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, walichaguliwa watu wanane. Mmoja wao alikuwa Bernard Mate, mwalimu, mtu wa Meru, aliyepata kiti cha Jimbo la Kati kwa kumshinda Eliud Mathu, yule aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo mwaka wa 1944. Ni kweli kwamba wakati ule, kwa sababu ya hali ya hatari, Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha kuthibitisha utiifu wao kwa serikali, na hivyo wengi walinyimwa haki hiyo. Lakini ni kweli pia kwamba mwalimu aliyeshika chaki alisimama katika baraza la nchi. Niliposikia habari hizo kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, nilijinyosha kidogo kitini mwangu.

Nimetaja hali ya hatari. Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na vita vya Mau Mau vilipofika Meru, msitu ule ule uliouzaa mji ukawa ngome ya wapiganaji. Mchana mji ulikuwa mikononi mwa serikali. Usiku msitu ulikuwa na wenyewe. Wanavijiji wengi walihamishwa mashambani mwao wakalazimishwa kukaa pamoja katika vijiji vyenye ulinzi. Mkubwa wa wapiganaji wa upande huu alikuwa Musa Mwariama, mtu wa Tigania, ambaye hakushikwa mpaka mwisho. Alitoka msituni mwezi wa Desemba 1963, uhuru ulipopatikana, akasalimiana na Jomo Kenyatta, nywele zake ndefu zikiwa ushahidi wa miaka aliyokaa huko. Aliishi hadi mwaka wa 1989. Basi ukiutazama msitu wa Imenti kutoka dirisha la basi, usiuone kuwa miti tu. Ni ukurasa wa historia uliosimama wima.

Wakati uo huo jambo lingine, lisilokuwa na kelele ya bunduki, lilikuwa likiijenga nchi hii. Kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya alizuiwa kulima kahawa ya arabika, kwa kisingizio cha kwamba ataiharibu na kueneza maradhi ya mimea, ingawa sababu kubwa ilikuwa kulinda faida ya walowezi na kuhakikisha kwamba hawatakosa vibarua. Katika miaka ya 1930 serikali iliruhusu majaribio Meru, Embu na Kisii, kwa masharti makali na kwa miti michache. Wakulima wa Meru waliitunza miti hiyo kama watoto. Baada ya mpango wa kilimo wa mwaka wa 1954 uliopewa jina la Swynnerton, vizuizi vililegezwa na kahawa ikaenea. Vyama vya ushirika vilianzishwa, na viwanda vya kumenya kahawa vikajengwa kando ya mito. Juu zaidi, karibu na msitu, chai ilifuata. Fedha za kahawa ndizo zilizolipa karo, zikaezeka mabati, na zikajaza maduka ya Meru. Kila mwezi wa malipo mji ulijulikana kwa harufu ya nguo mpya.

Uhuru ulipokuja, Meru na Embu ziliondolewa katika Jimbo la Kati zikawekwa katika Mkoa wa Mashariki, pamoja na Machakos, Kitui, Isiolo na Marsabit. Makao makuu ya mkoa yakawa Embu. Wako watu wa Meru waliosikitika kwa kunyimwa heshima hiyo. Lakini mji hauishi kwa cheo peke yake, na Meru uliendelea kukua kwa nguvu za wakulima na wachuuzi wake. Katika miaka ya 1980 barabara ya Embu hadi Meru kupitia Chuka ilitiwa lami, ikipita juu ya mabonde mengi yenye kina, na safari ya Nairobi ikafupika sana. Kabla ya hapo ilikuwa ni kuzunguka mlima kwa Nanyuki na Timau, au kupambana na matope. Kisha katiba ya mwaka wa 2010 ikaleta serikali za kaunti, na tangu mwaka wa 2013 Meru ni makao makuu ya kaunti yake. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Nayo Nchiru, kama ulivyosoma hapo juu, ndiyo kitovu cha Njuri Ncheke. Hivyo baraza la wazee na maabara ya vijana yamekuwa majirani.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,545,000 katika kaunti nzima, na zaidi ya 80,000 katika mji wenyewe. Huu si mji mkubwa ukiulinganisha na Nairobi. Lakini hesabu ya sensa ni ya watu walalao mjini, nami nakwambia kwamba Meru ni mji ambao mchana huvimba na usiku hupungua, kwa kuwa maelfu huja asubuhi na kurudi kwao jioni. Ukiusimamia mji saa sita ya mchana huko Makutano, ambako njia hukutana na mabenki yamejengwa bega kwa bega, utadhani ni mji mara mbili ya ule ulioandikwa na wahesabuji.

Tabia ya mji huu ni ipi? Nitakupeleka kwanza Gakoromone, soko lake kubwa. Hapo utakuta nduma, viazi, maharagwe, njahi, ndizi za kupika na ndizi za kuiva, parachichi na mboga zenye matone ya maji. Wauzaji wengi ni wanawake. Sikiliza maneno yao: mmoja asema Kiimenti, wa pili Kitigania, wa tatu amjibu Msomali kwa Kiswahili, wa nne atania kwa Kikuyu. Mfugaji aliyeshuka kutoka Isiolo anunua unga; fundi wa kutoka Tharaka auza asali. Hakuna anayemwuliza mwenzake ametoka wapi kabla ya kumwuliza bei. Hii ndiyo sifa ya kwanza ya Meru: ni mji wa mpakani, kati ya shamba la kijani na nyika kavu, na mtu wa mpakani hujifunza kupatana.

Sifa ya pili ni haraka. Mji huu una haraka ambayo mgeni huiona upesi, na chanzo chake kimoja ni miraa. Mmea huu hustawi hasa Igembe, upande wa Maua. Zamani ulikuwa jani la heshima, lililofungwa vizuri na kupelekwa kwa wazee wakati wa posa. Baadaye ulikuwa biashara ya ndege na mipaka. Na miraa haingoji: ikikaa siku chache hukauka na kupoteza thamani, na kwa hiyo magari yake hukimbia kama yanayofukuzwa. Lakini biashara itegemeayo mlango wa mtu mwingine huweza kufungiwa nje. Mwezi wa Juni 2014 Uingereza iliipiga marufuku, na Somalia nayo iliifunga milango yake mwaka wa 2020 hadi ilipoifungua tena mwaka wa 2022. Kila mara mlango ulipofungwa, duka la viatu mjini Meru lilijua kabla ya gazeti. Haraka pia ina gharama nyingine. Mwezi wa Julai 2022, katika daraja la Nithi, kwenye barabara ile ile niliyoisifu, basi lililotoka Meru kuelekea pwani lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mji uliofurahia lami ulilia juu ya lami.

Sifa ya tatu ni kupenda elimu na sherehe kwa pamoja. Asubuhi barabara zote hujaa sare za shule. Na siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 2018, taifa zima lilikusanyika katika uwanja wa Kinoru, na wanafunzi wa Meru wakaimba mbele ya nchi nzima. Nilikuwako. Niliwaona wazee waliovaa makoti ya zamani wakisimama kwa muda mrefu bila kuomba kiti.

Sasa, msomaji, nikueleze jambo lililonifanya niandike, maana historia isiyogusa nyumba ya mtu ni kama chakula kisichokuwa na chumvi.

Mwaka wa 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Katika miaka iliyofuata mkulima alipeleka kahawa kiwandani akarudishiwa karatasi yenye madeni. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka siku baba yangu alipochukua shoka akaenda kwenye kahawa aliyoipanda babu. Alikata mistari miwili, akaketi chini. Hakusema neno. Nyanya yangu alitoka nyumbani na machipukizi ya migomba kikapuni, akayapanda mahali pale pale, katika mashimo yale yale. Hivyo ndivyo Kanyakine na nchi jirani zilivyogeuka kuwa nchi ya ndizi: si kwa amri ya serikali, bali kwa mikono ya akina mama waliokataa kulala njaa. Karo yangu ya sekondari ilitoka katika mikungu hiyo, iliyouzwa Nkubu na Gakoromone.

Miaka michache iliyopita mtu mmoja alikuja kwetu akitaka kununua nusu eka iliyo karibu na barabara. Alitaka kujenga maduka na vyumba vya kupangisha, maana Kanyakine nayo yakua, kama Nkubu ilivyokua kabla yake. Bei aliyotaja ilikuwa kubwa kuliko fedha zote ambazo shamba lile lilipata kutuletea. Baba aliita baraza la jamaa. Ndugu zangu wawili walitaka tuuze. Baba mdogo alisema wakati wa jembe umekwisha. Mimi, mwenye mshahara wa chuo, niliona aibu kusema lolote, maana ni rahisi kwa mtu alaye mshahara kuwahubiria wengine kulima. Mwisho nyanya, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza: "Vyumba hivyo vikijaa watu, watu hao watakula ndizi za nani?"

Hatukuuza. Baba mdogo aliuza sehemu yake. Leo katika sehemu hiyo yako maduka matano, na baba mdogo hakufilisika kama wengine walivyotabiri. Alisomesha binti yake akawa muuguzi, naye ni fahari yetu sote. Kwa hiyo sikuletei hadithi ambayo mwuza ardhi huangamia na mkulima hushinda. Mambo ya kweli hayajipangi hivyo. Lakini swali la nyanya halijajibiwa, nami naliona likikua kila mwaka kadiri mji ukuavyo. Shamba aliloacha babu kwa watoto sita limegawanywa. Na watoto wa hao sita watagawana nini?

Na swali hilo lina ndugu yake, ambaye ni maji. Mwaka wa 1999 Idara ya Wanyamapori ilipima hali ya misitu ya Mlima Kenya kwa ndege, na yaliyoonekana yalitisha: miti ya asili imekatwa kwa wingi, makaa yakichomwa ndani ya hifadhi, na msitu wa Imenti ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa sana. Hatua zilichukuliwa, miti ikapandwa tena, na watu wengi wa Meru wamefanya kazi njema ya kuurudisha msitu. Lakini barafu ya juu ya Kirimara yazidi kupungua, na mito yetu katika miezi ya kiangazi si ile waliyoizoea babu zetu. Nilikwambia kwamba mji huu ulijengwa juu ya mambo manne: msitu, mto, shamba na njia. Katika karne moja njia imekua kuliko zote, na tatu zilizobaki zimepungua. Kigoda cha miguu minne kikiwa na mguu mmoja mrefu, akaliaye hataanguka leo, lakini hatakaa kwa raha.

Je, nasema mji usikue? La, hasha. Mtu asemaye mji usikue awaambia vijana wasizaliwe. Mji ulileta hospitali, na nyanya yangu aliyepanda migomba aliponea hospitali ya mjini. Mji ulileta shule, na bila shule nisingeandika, wala wewe usingesoma. Nisemalo ni kwamba mji una wazazi, na mtoto aliyekua hana ruhusa ya kuwala wazazi wake. Wakati Kangangi alipopiga kambi, yeye peke yake na wakubwa wake ndio waliochagua mahali na namna. Leo wanaochagua ni watu wa hapa: anayetoa kibali cha kujenga ukingoni mwa mto, anayepiga kura, anayeuza nusu eka, na anayekata mti mmoja akidhani ni mmoja tu. Kanyakine haijawa Meru bado. Maana yake ni kwamba bado yaweza kuamua jinsi itakavyokuwa: kuacha nafasi ya soko lenye paa, njia ya maji machafu, uwanja wa watoto na ukanda wa miti kando ya mto, kabla nyumba hazijabanana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mji ni ghali sana.

Nilikuomba ukumbuke kwamba watu wa nchi hii hujifikiri kuwa watu waliosafiri. Katika hadithi ya Mbwaa hawakuvuka maji wote kwa wakati mmoja. Wa usiku walitangulia, wa alfajiri wakafuata, wa mchana wakaja nyuma. Lakini waliofika ng'ambo waliwangojea wenzao. Kukua kwa mji ni kuvuka kwa namna hiyo. Wako waliokwisha kufika, wenye maghorofa na magari. Wako walio katikati ya maji, vijana wenye vyeti wasiokuwa na kazi. Na wako walio bado ukingoni, na mkungu wa ndizi kichwani.

Basi, likizo ijapo, usikae bure. Mwendee mtu mzee kuliko wote katika kijiji chako, umsalimu kwa heshima, uketi chini, umwulize soko lenu lilianzaje, nani alijenga duka la kwanza, mto ulikuwa na upana gani. Andika ajibuyo, na tarehe uliyoambiwa. Nyanya yangu hayupo tena, na yako maswali mengi niliyoahirisha kumwuliza nikidhani atangoja. Nusu eka ile ingali na migomba. Kila niendapo nyumbani huipitia kabla ya kuingia ndani, nikahesabu mikungu, kisha nikageuka kutazama yale maduka matano ya upande wa pili, ambako taa huwashwa jioni na mtoto wa mwenye duka hukaa mlangoni akifanya hesabu zake za shule.

Labda ni wewe.